Bega la Hanadi

Mwezi Machi, zikiwa zimebaki mita kama mia nne kufika ufukwe wa Kunduchi, bega la kushoto la Hanadi Hamed liligoma. Alikuwa ametoka kisiwa cha Mbudya pamoja na waogeleaji wengine sitini, na kwa zaidi ya saa moja na nusu mkono huo ulikuwa umefanya kazi kwa maumivu. Sasa ukawa haunyanyuki kabisa. Alijaribu kuogelea kwa mkono mmoja, mkondo ukamsukuma kando. Akalala chali, akapiga miguu, akaona bado anazidi kwenda kusini. Mwisho boti ya waokoaji ikasogea, vijana wawili wakamshika kwapani wakamvuta ndani, naye akajifunika uso kwa taulo akalia mbele ya watu asiowajua.

"Umejitahidi sana, dada," mmoja akamwambia.

"Sikufika," Hanadi akajibu.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwao ni Bagamoyo mjini, familia ya wafanyabiashara ambao wazee wao walitoka Oman miaka mingi nyuma, na yeye ndiye aliyesomea dawa ngazi ya stashahada akasimamia duka la dawa la baba yake. Kuogelea alijifunza ukubwani, katika bwawa la hoteli moja iliyowatengea wanawake asubuhi ya Jumanne. Alianza kwa sababu ya mgongo, daktari alimshauri. Mgongo ulipona ndani ya miezi mitatu, yeye akaendelea. Kutoka bwawani akahamia baharini. Watu wakasema waliyosema. Baba yake, mzee Hamed, alimpa masharti mawili tu: ausitiri mwili wake, na asiingie majini peke yake. Kwa hiyo alitafuta vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, akawa anajifunga boya la rangi ya machungwa kiunoni, na rafiki yake Miza, mwalimu wa shule ya msingi, akawa anaogelea nyuma yake polepole, akipiga kelele kila alipoguswa na mwani.

Bagamoyo maji yakikupwa huenda mbali sana, kwa hiyo ratiba ya mazoezi yao ilipangwa na bahari. Wiki hii saa kumi na mbili asubuhi, wiki ijayo saa tisa alasiri jua likiwaka. Hanadi hakukosa. Mwaka wa kwanza alifika mita mia mbili. Mwaka wa nne akajiandikisha kwenye mashindano ya Mbudya, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, Machi na Novemba. Alichotaka ni kufika tu.

Aliporudi kutoka Kunduchi alikwenda hospitali kumwona Sikuzani, mtaalamu wa mazoezi tiba, mama wa makamo aliyezaliwa Fukayosi na ambaye hakuwa na maneno ya kupamba. Sikuzani aliuzungusha mkono wake huku na huku, akabonyeza hapa na pale, akamwambia avae.

"Kano halijakatika. Limechoka na kuvimba, kwa sababu unaogelea kwa bega badala ya kuogelea kwa mwili mzima."

"Litapona lini?"

"Miezi minne, mitano. Ukifanya nitakayokuambia, kila siku, bila kuruka."

Akampa mazoezi sita. Yote yalikuwa madogo na ya kuchosha akili: kuvuta ukanda wa mpira mara kumi na tano, kupumzika, kuvuta tena; kusimama ukutani na kupandisha mkono taratibu. Hanadi aliyafanya kwa wiki tatu. Bega halikubadilika, au lilibadilika kidogo mno asione. Wiki ya nne akaruka siku mbili, wiki ya tano akaacha.

Mwezi Juni, Muataz akaingia dukani.

Muataz alikuwa mtoto wa shangazi yake, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mabega mapana, aliyefungua jimu nyuma ya stendi. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, hakumbuki baya la mtu. Hanadi alimpenda tangu utotoni.

"Asalaam aleykum, dada."

"Waaleykum salaam. Karibu, Muataz. Shangazi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Bega linaendeleaje?"

"Lipo tu."

Muataz akaweka mfuko juu ya meza ya kioo. Kwanza akatoa kopo la kolajeni, unga ambao wateja wake wa jimu waliuchanganya kwenye maji ya matunda. Hanadi aliufahamu, ni chakula tu, hauna shida, na hauna maajabu. Kisha Muataz akaangalia mlangoni, akatoa vichupa vitatu vya kioo, kila kimoja kidogo kama kidole gumba.

"Hizi sasa ndizo zenyewe. Peptidi. Wanamichezo wa nje wanachoma hizi. Kano linapona nusu ya muda."

Hanadi akakigeuza kichupa kimoja kwenye mwanga. Chini mlikuwa na unga mweupe uliogandamana. Pembeni palibandikwa karatasi yenye herufi tatu na tarakimu. Hapakuwa na jina la kiwanda, wala namba ya usajili, wala tarehe ya kwisha muda.

"Zinatoka wapi?"

"Kuna jamaa yuko Muscat anaagiza. Yeye anapata kwa watu wake."

"Unajua ndani kuna nini?"

"Dada, peptidi ni vipande vya protini. Mwili wenyewe unatengeneza. Hii si sumu."

Kwamba peptidi ni vipande vifupi vya protini, hilo lilikuwa kweli. Insulini aliyokuwa akiwauzia wagonjwa wa kisukari kila siku ni peptidi pia. Lakini insulini ilikuja kwenye boksi lenye jina la aliyeitengeneza, na karatasi ndefu ya maelezo, na watu walioipima kabla haijafika kwake. Hiki kichupa kilikuja mfukoni mwa Muataz. Kama mteja angemletea kitu kama hicho na kuuliza, Hanadi angemwambia akitupe. Alilijua hilo barabara. Alijua pia kwamba Novemba ilikuwa inakuja na mkono wake haufiki kwenye rafu ya juu.

"Acha hapo," akasema.

Alijichoma tumboni, chooni kwao, mlango umefungwa, kwa maji ya sindano safi na bomba jipya kutoka dukani kwake. Alijiambia kwamba yeye si kama wengine, yeye anajua anachokifanya. Akarudia kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tano maumivu yalipungua. Siku ya tisa akanyanyua mkono hadi juu bila kukunja uso. Siku ya kumi na mbili aliogelea kilomita mbili, na Miza aliyekuwa nyuma akabaki akihema.

"Bega limepona lini?" Miza akamuuliza wakiwa wamekaa mchangani.

"Namshukuru Mungu," Hanadi akasema, akaangalia pembeni. Hakukumbuka mara ya mwisho kumficha Miza jambo.

Jumatatu iliyofuata, alasiri, Najim akaja dukani. Najim alikuwa golikipa wa timu ya mtaani na dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na nne ambaye kila aliyepita stendi alimjua. Siku hiyo alikuja kwa miguu, akichechemea.

"Dada Hanadi, za hapa?"

"Salama. Una nini wewe?"

"Kijipu tu. Nipe rangi mbili, dozi nzima, nikameze nilale."

Hanadi hakugusa vidonge hivyo vya antibiotiki. Aliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Najim na macho yaliyoiva. Akampa kipimajoto. Kikasoma thelathini na tisa na nusu. Akamwita nyuma ya pazia, akamwambia akunje bukta. Paja la kulia lilikuwa limevimba kwa ndani na kwa nje, jekundu, ngozi imevutika hadi inang'aa. Katikati palikuwa na alama ndogo nyeusi.

"Hapa ulichoma sindano."

Najim akaishusha bukta.

"Najim, mimi si askari. Ulichoma nini?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kichupa. Hanadi alizitambua zile herufi tatu kabla hakijakaa vizuri kiganjani mwake.

Goti lilikuwa likimsumbua, Najim akaeleza. Kuna timu ya Dar ilikuwa inakuja kuangalia vijana, akaona asikose nafasi. Muataz akamwambia dawa ipo.

"Ulichanganya na maji gani?"

"Ya chupa, ya kunywa. Si ni safi?"

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilipewa kichupa na sindano, basi. Sindano yenyewe nikachangia na mwenzangu."

Hanadi alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana wa siku ya kazi isipokuwa kwa msiba. Akasimamisha bajaji. Njiani Najim alianza kutetemeka, meno yakigongana, na akawa anaomba radhi kwa kumsumbua.

Hospitali walipokewa na daktari wa zamu aliyeitwa Adila, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alilikagua paja, akaagiza damu ipimwe, kisha akauliza swali lilelile la Hanadi: alichoma nini. Najim akamtazama Hanadi. Alikuwa anaogopa kumtaja Muataz, na alikuwa anaogopa kufa. Vyote vilionekana usoni.

Hanadi angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni sindano ya maumivu aliyochomwa mahali. Akaweka kichupa mezani.

"Ni peptidi, haina usajili. Amechanganya na maji ya kunywa. Sindano wamechangia watu wawili." Akavuta pumzi. "Mimi pia nimekuwa nikijichoma hizohizo, kwa karibu wiki mbili. Nilitumia maji ya sindano."

Daktari Adila akaacha kuandika.

"Wewe si ndiye wa duka la dawa?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Kaa pale. Nawe tutakupima."

Jioni ile Najim alipasuliwa. Usaha uliotoka ulijaza bakuli la chuma. Adila alisema angekaa nyumbani siku mbili nyingine akimeza rangi mbili, sumu ingeingia kwenye damu na pengine wasingemwahi. Alilazwa siku nane. Yule mwenzake alitafutwa, akapimwa, akaambiwa arudi tena baada ya miezi mitatu. Damu ya Hanadi haikuonyesha baya, lakini Adila alimwambia ukweli: "Majibu haya yananiambia leo huumwi. Ulichojichoma sikijui, na wewe hukijui."

Kesho yake asubuhi Hanadi alikwenda jimu. Muataz alikuwa anafuta vyuma kwa kitambaa. Habari ilikwishamfikia, macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilimwambia atumie maji safi," akaanza.

"Maji safi ya wapi, Muataz? Yeye kwake maji ya chupa ndiyo safi. Hukumfundisha, kwa sababu hata wewe hujui."

"Mbona wewe umepona?"

"Sijui kama nimepona. Na kama nimepona, sijui ni dawa, au ni zile wiki tatu za mazoezi, au ni kwamba nilitamani mno kupona. Ndani ya kile kichupa mngekuwa na chumvi nisingejua. Umewapa watu wangapi?"

"Wachache."

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu."

Hanadi akakaa kwenye benchi la kunyanyulia vyuma.

"Alhamisi nakwenda Dar kwa wakaguzi wa dawa," akasema. "Nitapeleka vichupa vyangu na nitasema nilichofanya. Ninataka twende wote. Ukienda kwa miguu yako ni jambo moja, wakikufuata ni jambo jingine. Na katikati hapa usimpe mtu hata kimoja."

"Utanifungisha, dada. Mimi, damu yako."

"Najim angekufa."

Muataz akatupa kitambaa chini akatoka nje.

Jumatano shangazi Amal, mama yake Muataz, alikuja nyumbani. Alivaa baibui yake ya safari, akakataa soda, akakataa kuegemea mto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hanadi, nimekuja kukuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe."

"Nakusikia, shangazi."

"Yule mtoto hana baba. Jimu ile ndiyo maisha yake. Amekosa, nimemsema, amelia. Vile vitu atavitupa baharini leo hii na mambo yaishe ndani ya nyumba. Kwa nini umpeleke kwa watu?"

"Kwa sababu kuna watu ishirini na watatu, na wengine bado wanavyo nyumbani. Tukitupa vya kwetu, vya kwao vinabaki."

"Na wewe je? Si ulijichoma? Hukujua wewe, msomi wa dawa?"

Hanadi aliinamisha kichwa. Mzee Hamed, aliyekuwa amekaa pembeni, aliendelea kuvuta tasbihi yake.

"Nilijua, shangazi. Ndiyo maana kosa langu ni kubwa kuliko la Muataz. Nami nalipeleka pia."

Shangazi Amal alisimama. Alimuaga kaka yake, hakumuaga Hanadi.

Alhamisi Hanadi alisubiri kwenye kituo hadi gari la tatu. Muataz hakutokea. Akapanda peke yake. Ofisini alieleza kila kitu kwa afisa mmoja mwenye subira, akakabidhi vichupa viwili vilivyobaki na kile kilichoisha, akatia sahihi maelezo yake. Yeye mwenyewe aliandikiwa onyo la maandishi, likawekwa kwenye jalada lake la kazi. Wiki ile ile wakaguzi walifika Bagamoyo, wakachukua vichupa arobaini kutoka kwenye friji ya jimu, wakaifunga jimu kwa miezi miwili wakati shauri likiendelea. Muataz hakuwekwa ndani, lakini aliitwa mara nyingi, na kila alipoitwa, mama yake alipita mbele ya duka la dawa bila kugeuza shingo.

Hanadi alilihisi hilo kila mara. Alikuwa amezoea kula kwa shangazi kila Ijumaa tangu mama yake afariki. Ijumaa hizo sasa alikula dukani, amesimama. Hakujuta, ila hakuona fahari yoyote.

Siku ya kumi baada ya jimu kufungwa, Muataz akaja mwenyewe. Alikuwa amepungua. Akaweka simu yake juu ya kioo.

"Namba zao zote ziko humu. Nilitaka kuwapigia, nikashindwa niseme nini."

"Ingia ndani," Hanadi akasema. "Tutapiga wote."

Walikaa chumba cha nyuma, kati ya maboksi, wakapiga simu moja baada ya nyingine. Muataz alianza kwa kusalimia na kusema kosa lake, kisha Hanadi akachukua na kueleza: acha leo, usitupe ovyo, lete hapa, na kama una uvimbe au homa nenda hospitali. Wengine walishukuru. Mmoja alimtukana Muataz hadi akaishiwa maneno. Mmoja alisema ataendelea, mwili ni wake, akakata. Mama mmoja wa Msata, muuza mahindi ya kuchoma barabarani aliyekuwa akijichoma sindano hizo ili apunguze tumbo, alisema ana kidonda hakikauki. Jioni hiyo hiyo alikuwa hospitali. Askari mmoja wa hifadhi ya Saadani hakupatikana kwenye simu kabisa. Muataz alichukua pikipiki akamfuata hukohuko, akarudi kesho yake amejaa vumbi, na vichupa vitatu ndani ya soksi.

Ilibaki kazi ya bega. Maumivu yalikuwa yamerudi, si kama mwanzo, lakini yamerudi. Mwishoni mwa Julai Hanadi alikwenda kwa Sikuzani na kukaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Nimesikia mambo yako," Sikuzani akasema.

"Kila mtu amesikia."

"Mazoezi yangu uliyafanya wiki ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nilisema miezi." Sikuzani akavuta droo, akatoa mpira wa ndani wa baiskeli aliouchana vipande virefu. "Ule wa kununua unachoka haraka. Huu haukatiki. Funga kwenye nondo ya dirisha. Asubuhi na jioni. Na daftari, uandike. Nitalikagua kila Alhamisi, na ukinidanganya nitajua kwa kuushika mkono."

Hanadi alianza siku hiyo. Aliufunga mpira kwenye dirisha la duka, akavuta kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Wateja waliowahi walimkuta akihesabu, wakasubiri. Kwa wiki sita hakuruhusiwa kuogelea kwa mikono. Alishika ubao na kupiga miguu tu, Miza akimpita kila dakika na kumcheka. Kwa Miza alikwishasema yote, wakiwa mchangani palepale alipomficha. Miza alinuna siku mbili, siku ya tatu akaja na taulo lake kama kawaida.

Wiki ya saba Sikuzani mwenyewe alikuja ufukweni, akasimama na viatu vyake vya kazini mkononi, akapaza sauti: "Viringisha mwili! Kiuno kitangulie, mkono ufuate!" Hanadi aliona ajabu kufundishwa kuogelea na mtu asiyejua kuogelea. Lakini alijaribu, na kwa mara ya kwanza mkono wa kushoto ukapita juu ya maji bila kukwaruza popote. Alifanya mita hamsini. Sikuzani akamwamuru atoke.

"Naweza zaidi."

"Najua. Kesho."

Mita hamsini zikawa mia, mia zikawa mia tatu, mia tatu zikawa kilomita, kisha mbili, kisha tatu. Septemba ikapita, Oktoba ikaingia. Kwenye daftari kulikuwa na siku sitini na nane mfululizo, kisha sabini, kisha themanini. Siku nyingine bega liliuma akapunguza; siku nyingine halikuuma na bado akapunguza, kwa sababu daftari lilisema hivyo. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu.

Mwanzoni mwa Novemba alimpigia mratibu wa mashindano, bwana mmoja wa Kunduchi aliyeitwa Mahmoud.

"Nataka kujiandikisha, lakini kuna jambo lazima ulijue," akasema. Akamweleza habari ya sindano.

"Dada yangu, sisi hapa hatupimi mtu. Na hiyo ni miezi minne imepita. Usingesema, nani angejua?"

"Vitu hivyo vimekatazwa kwenye michezo. Nimesoma kanuni zenu, mmeandika wenyewe."

"Tumeandika, ndiyo." Akaguna. "Ngoja niongee na wenzangu."

Baada ya siku mbili akarudisha jibu: kamati imekubali aogelee, lakini jina lake halitapangwa kwenye matokeo, wala hatapewa medali hata akifika. Je, bado anataka?

"Nataka," Hanadi akasema, kabla Mahmoud hajamaliza.

Asubuhi ya mashindano bahari ilikuwa imetulia. Mzee Hamed alikuja Kunduchi kwa mara ya kwanza, amevaa kanzu na kofia, amebeba kiti chake cha kukunja. Muataz ndiye aliyemwendesha. Shangazi Amal hakuja, ila alikuwa ametuma bakuli la kaimati lililofungwa kwa kitambaa, bila ujumbe wowote.

Filimbi ililia kule Mbudya saa moja na robo. Hanadi aliacha watu waende. Alihesabu mikono kama alivyofundishwa, kiuno kwanza. Kilomita ya kwanza haikumpa shida. Ya pili, kikundi cha mbele kilikwishapotea, naye akawa na maji tu, boya lake, na kayaki ya mwokoaji mbali kidogo upande wa kulia. Baada ya kilomita tatu bega likaanza kuuma. Aliyajua maumivu hayo. Zamani angeongeza nguvu ili ayashinde. Sasa akapunguza, akafupisha mkono wa kushoto, akauachia mwili uviringike. Wanawake wawili wakampita. Akawaacha.

Mahali mkondo ulipomsukuma mwezi Machi ulimsukuma tena. Mwokoaji akapiga kasia karibu.

"Dada, vipi? Nikusaidie?"

Hanadi akanyanyua uso. "Bado," akasema, akameza maji, akakohoa. "Kaa hapo hapo. Usinishike."

Akalenga minazi iliyokuwa juu zaidi ya mahali pa kumalizia, ili mkondo ukimsogeza afike panapotakiwa. Mikono ishirini, kichwa juu, anaangalia. Mikono ishirini tena. Hakufikiria jambo lolote isipokuwa ishirini. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikagusa mchanga.

Alisimama. Miguu haikumshika, akaanguka magoti, akasimama tena na kutembea mwenyewe hadi kwenye bendera. Msichana wa saa alikuwa na karatasi.

"Jina?"

"Hanadi Hamed. Utaona wameandika sina nafasi."

Msichana akaangalia orodha. "Ndiyo. Kwa hiyo nisiandike muda?"

"Niambie tu, nitaandika mimi."

"Saa moja na dakika hamsini na nane."

Miza alifika akikimbia na taulo, akilia na kucheka pamoja. Muataz alisimama nyuma yake, hajui aweke wapi mikono yake mikubwa. Mzee Hamed alibaki kwenye kiti chake, akasubiri binti yake amfikie mwenyewe, kisha akamshika kiganja.

"Mkono unauma?"

"Unauma, baba."

"Sana?"

Hanadi akaunyanyua taratibu, hadi usawa wa sikio, akaurudisha. "Kiasi. Alhamisi nitamwona Sikuzani."

Muataz akafungua bakuli la kaimati. Wakakaa mchangani wakala, vidole vikinata kwa shira, huku majina ya washindi yakitangazwa kwenye kipaza sauti upande wa pili.